Mwanangu wa miezi saba anaamka mara sita kila usiku. Ni njaa, ni mazoea au ni nini?

#1 MamaImran_Kimara
Habari za usiku, wakuu.

Nina mtoto wa kiume, ana miezi saba na wiki moja. Mpaka anafikisha miezi mitatu alikuwa analala vizuri, anaamka mara mbili, ananyonya, anarudi. Nikarudi kazini, na tangu hapo usiku umegeuka. Analala saa mbili na nusu. Saa nne kaamka. Saa sita, saa saba na nusu, saa nane na nusu, saa tisa na nusu, saa kumi na nusu. Hataki kubembelezwa na baba yake, anataka ziwa tu. Akilipata ananyonya dakika tatu, kalala. Nikimlaza, macho kodo.

Natoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili kuwahi mwendokasi, narudi saa mbili usiku. Kazini nashika fedha za watu. Wiki iliyopita hesabu zimenikataa mara mbili na pengo nimelipa mwenyewe.

Mama mkwe anasema ni njaa, nimpe uji mzito. Jirani anasema chango. Dada wa kazi anasema mchana mtoto analala bila tatizo. Kliniki uzito unapanda, yuko kwenye kijani. Waliopita hapa walifanyaje? Nimechoka mpaka nalia nikiwa naoga.

#2 Kijana_wa_Tandale
Mama mkwe yuko sahihi. Uji wa lishe bakuli moja saa mbili usiku, mtoto akishiba analala. Wa kwetu alinyamaza siku ya pili tu.

#3 Mwanasheria_Mtaani
Pole dada. Kwanza huyo mtoto ana kasoro, maana WHO wanasema akifikisha miezi sita anatakiwa alale saa kumi na mbili mfululizo usiku bila kuamka. Mpeleke hospitali kubwa.

#4 Nesi_wa_Zamu
#3 usimtishe mwenzako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku nzima, ukijumlisha na ule wa mchana. Neno "mfululizo bila kuamka" halimo. Mtoto wa miezi saba anayeamka usiku hana kasoro, ni wengi kuliko wasioamka. Mara sita ni nyingi na mama anaumia, hilo nakubali, lakini si ugonjwa kwa sababu ya idadi peke yake.

#2, uji ni sawa kwa umri wake, chakula kinaanza miezi sita. Ila uji mzito wa karanga na soya na dagaa vyote kwenye bakuli moja, saa mbili usiku, kwa tumbo la miezi saba, hapo unamtafutia gesi. Mpe mapema, saa kumi na mbili au saa moja, na uwe laini.

Mleta uzi, nijibu: anakoroma? Anavuta masikio? Ana kikohozi kinachozidi akilala? Analala wapi, na chumba kina joto kiasi gani?

#5 MamaImran_Kimara
Asante nesi. Hakoromi, masikio havuti, kikohozi hakuna. Analala kitandani kwetu, katikati, kwenye neti. Feni ipo umeme ukiwepo. Shingoni ana harara.

#6 Kijana_wa_Tandale
Basi umeshajijibu. Joto hilo. Watu watatu ndani ya neti moja, Dar hii, na mtoto kavalishwa soksi na kofia kwa sababu bibi kasema asipigwe na upepo. Mimi mzima tu nalala kifua wazi.

#7 Mwalimu_Sengerema
Naomba niingie upande mwingine kabisa.

Usingizi unakuja kwa mawimbi. Kwa mtu mzima wimbi moja ni kama dakika 90. Kwa mtoto mdogo ni fupi, kama dakika 50 hivi. Kila wimbi linapokwisha mtu anakaribia kuamka. Wewe na mimi tunageuka, tunavuta shuka, tunaendelea, asubuhi hatukumbuki. Mtoto akifumbua macho anatafuta kile alichokuwa nacho wakati anasinzia. Kama alisinzia na ziwa mdomoni, sasa ziwa halipo, yuko chini peke yake, dunia imebadilika. Hata wewe ukilala kitandani ukaamka upo sebuleni utapiga kelele.

Kwa hiyo tatizo si njaa. Dakika tatu za kunyonya si mlo, ni ufunguo wa usingizi. Kwetu tulianza kumnyonyesha mapema kidogo, halafu tunamlaza akiwa amelegea lakini bado yuko macho, mkono wangu kifuani kwake. Usiku wa kwanza alilia sana huku nimemshika. Wa nne alilia dakika tano. Baada ya wiki mbili alikuwa anaamka mara mbili.

#8 Bibi_wa_Pangani
Mwalimu umesema maneno mazuri, lakini mie nimelea sita na wajukuu kumi na mmoja, wote walilala na ziwa mdomoni na wote leo watu wazima wanalala wenyewe.

Mwanangu wa Kimara, sikiliza. Zamani jua likizama nyumba ilikuwa inatulia. Mtoto anakogeshwa maji ya uvuguvugu, anakandwa mafuta ya nazi, miguu, mgongo, tumbo kwa kuzungusha mkono polepole. Anafungwa mbeleko, mtu anatembea naye uani anamwimbia howa, howa. Kila siku hivyo hivyo, saa ile ile, na nyimbo ile ile. Mtoto akisikia mafuta tu kichwa kishalegea. Leo saa tatu usiku taa nyeupe inawaka kama mchana, televisheni inapiga kelele, baba ana mpira, halafu mnashangaa mtoto yuko macho.

#9 Ndizi_Mshare
Bibi shikamoo. Hapo kwenye mpira umemgusa mtani wangu #10 atakayekuja, hawa Wapare hawazimi televisheni mpaka luku iishe.

#10 Mpare_Halisi
Nimekuja, mtani. Sisi luku hatumalizi, tunazima taa saa moja, ndiyo maana watoto wetu wanalala mapema. Ninyi mlitegemea mtori.

Bibi yuko sahihi kuhusu mwanga. Mwili unatengeneza melatonini, homoni ya usingizi, giza likiingia, na mtoto mchanga saa yake ya mwili bado haijakaa sawa, inaanza kukaa kwenye miezi miwili hadi minne. Maziwa ya mama ya usiku yana melatonini, ya mchana hayana. Mama anayekamua mchana akayahifadhi, na mtoto akapewa usiku, ni vizuri kuandika saa kwenye chupa.

#11 Chausiku_M
Mimi nitasema wengine mnachoogopa kusema. Mtoto anayeshtuka saa nane kamili kila usiku anaona vitu. Mama mkubwa alimfukizia ubani wa kwangu siku tatu na akalala. Mwanzo nilibisha.

#12 Nesi_wa_Zamu
Dada Chausiku, imani yako siigusi. Moshi ndio unaonihangaisha. Kifua cha mtoto wa miezi saba ni kidogo sana, na ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na sigara ya baba vyote vinaishia humo. Ukitaka kufukiza, fukiza chumba mchana, fungua madirisha, moshi uishe, ndipo mtoto aingie.

#13 Baridi_ya_Njombe
Mnazungumzia joto, huku kwetu mwezi wa saba maji yanaganda majanini. Mtoto wetu alikuwa anaamka kwa baridi. Tunaweka jiko la mkaa chumbani mpaka tunalala, anatulia mpaka alfajiri.

#14 Nesi_wa_Zamu
#13 NAKUOMBA LEO HII USIWEKE. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayelala haamki kuikimbia. Familia nzima zinakutwa asubuhi zimekufa kwa jiko moja. Kutulia kwa mtoto ndicho kinachonitisha. Mvalisheni nguo mbili tatu za kukaa mwilini na lala naye karibu. Blanketi zito la kumfunika kichwa hapana.

#15 Baridi_ya_Njombe
Nimelitoa. Asante. Mke wangu amekuwa akilalamika kichwa kila asubuhi tukadhani ni uchovu.

#16 Kijana_wa_Tandale
Duh. Huu uzi umeshafanya kazi yake hata kama mtoto wa Kimara hajalala.

#17 Mama_Mapacha
Nimesoma yote na naona mmepita juu ya jambo lenyewe. Rudini #1. Amesema usiku uligeuka ALIPORUDI KAZINI. Anatoka kabla ya saa kumi na mbili, anarudi saa mbili usiku. Saa kumi na nne mtoto hamwoni mama. Mlitaka amnyonye lini?

Wangu walifanya hivyo hivyo, wote wawili. Mchana kwa dada walikuwa wanakunywa kidogo tu kwenye kikombe, wanalala kutwa, wananisubiri. Nikifungua mlango siku yao inaanza. Nesi wa kliniki yetu alinieleza kwamba mtoto amehamishia mchana wake usiku. Si njaa ya uji, si ujeuri wala mazoea mabaya. Alikumisi.

Nilichofanya: nikaomba kazini muda wa kunyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa mpaka saa mbili kwa siku. Mimi nilizitumia kwa kutoka mapema. Nikifika jioni sipiki, siangalii simu, nakaa sakafuni nao saa nzima, wananyonya watakavyo. Usiku ulipungua wenyewe, kutoka mara saba hadi mara tatu. Tatu zilibaki mpaka mwaka na nusu, na nilizikubali.

#18 Mwanasheria_Mtaani
Sheria hiyo ndiyo inayotoa likizo ya uzazi ya siku 90, sivyo?

#19 Mama_Mapacha
Siku 84. Ukizaa zaidi ya mmoja kwa mpigo, 100. Mimi nilipata 100 na zilipita kama wikendi. Baba anapata siku tatu.

#20 Mkenya_Ughaibuni
Nadhani #18 amechanganya na kwetu Kenya. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili.

#21 DerevaBoda_Moro
Siku tatu! Siku ya tatu mke wangu alikuwa hawezi hata kukaa vizuri.

Ngoja niseme la kwetu kama baba. Mtoto wetu wa kwanza niliamini usiku ni kazi ya mama kwa kuwa yeye ndiye mwenye maziwa. Wa pili, mke wangu akadondoka jikoni na sufuria ya maharage mkononi. Usingizi tu, hana ugonjwa. Tangu siku ile tuligawana. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba usiku mtoto ni wangu. Mama analala chumba cha watoto wakubwa, mlango umefungwa, ananyonyesha kabla na baada. Akiamka katikati namfunga mbeleko, ndiyo, mimi mwanaume, naizunguka nyumba. Siku mbili za kwanza alinikataa kabisa, alikuwa ananusa kifua changu anatafuta mama. Ya tatu akalala begani.

Saa nne za usingizi zisizokatwa zilimrudisha mke wangu. Alianza kucheka tena. Kwa hiyo hata kama mtoto hajabadilika, mama anaweza kulala. Mleta uzi, baba Imran anafanya kazi ya zamu?

#22 MamaImran_Kimara
Hapana, anarudi saa kumi na mbili jioni. Amejaribu kumbeba, mtoto analia mpaka anakauka sauti, mimi nainuka. Siwezi kumsikia anavyolia.

Mama Mapacha umeniliza. Dada wa kazi anasema maziwa ninayokamua anakunywa nusu kikombe tu, mengine yanamwagwa. Sikuwahi kuunganisha haya mambo mawili.

#23 Fundi_Mwerevu
Mbona mnazunguka? Kijiko nusu cha ile dawa ya mafua ya maji, ile ya kusinzisha. Mtoto analala mpaka asubuhi na mama analala. Dada wa kazi wa jirani yetu ndiyo siri yake.

#24 Mama_Mapacha
Uongozi futeni hii.

#25 Nesi_wa_Zamu
Msiifute, iacheni na jibu lake liwe hapa chini, kwa kuwa inafanyika sana.

Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha hazikutengenezwa kumlaza mtoto. Zinaweza kupunguza upumuaji, na mtoto mdogo dozi kidogo tu inazidi. Wengine badala ya kulala zinawatia kiwewe. Marekani mamlaka ya dawa ilitoa onyo mwaka 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi za kununua bila cheti wasipewe watoto wa chini ya miaka miwili. #23, umesema "ndiyo siri yake". Mwambie huyo jirani yako leo.

Na mama Imran, sisemi dada wako anafanya hivyo. Lakini mtoto anayelala mchana kutwa, muulize kwa upole analala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Rudi siku moja mchana bila taarifa.

#26 Chausiku_M
Kidole kwenye asali je? Mama yangu alitulambisha sote.

#27 Nesi_wa_Zamu
Chini ya mwaka mmoja asali hapana, hata ncha ya kidole, hata iwe ya Tabora safi kabisa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia. Mtu mzima haimdhuru, ndiyo maana bibi zetu hawakuiona hatari.

#28 Bibi_wa_Pangani
Hilo nimelikubali, hata kliniki walituambia. Lakini naomba kuuliza, kwa nini siku hizi mnawalaza watoto chali? Sisi tuliwalaza kifudifudi, gesi inatoka, wanalala fofofo. Akicheua akiwa chali si atapaliwa?

#29 Nesi_wa_Zamu
Bibi, swali zuri na wengi wanaogopa kuliuliza. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula chini yake. Akicheua, maziwa yanabaki chini na anayameza au kuyatema. Akiwa kifudifudi inageuka, maziwa yanakuja kwenye mlango wa hewa. Na hiyo fofofo yenyewe ndiyo tatizo, anaweza kulala kiasi cha kutoshtuka pale pumzi inapokosekana. Marekani walianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua zaidi ya nusu. Imran ana miezi saba, akijigeuza mwenyewe mwache, ila mlaze chali mwanzoni, godoro liwe gumu kidogo, mito na midoli itoke.

#30 Mkenya_Ughaibuni
Niko Ufini mwaka wa nane. Hapa serikali inampa mama mjamzito sanduku la katoni lenye nguo za mtoto na kigodoro, na watoto wengi wamelala ndani ya sanduku lenyewe. Lilianza 1938 kwa mama wenye kipato cha chini, tangu 1949 ni kwa wote. Na mchana wanawalaza watoto nje kwenye vigari, barafu ikiwa chini. Mara ya kwanza nilitaka kuita polisi.

Nilichotaka kusema ni hiki: hapa mjadala wao ni kumwacha mtoto alie au la. Daktari wa Boston, Richard Ferber, mwaka 1985 alieneza njia ya kumwacha alie kwa dakika chache, unaingia, unamtuliza bila kumbeba, unatoka, unaongeza dakika. Kwa mume wangu Mfini hilo ni jambo la kawaida. Mimi nilisimama mlangoni nikitetemeka. Tulifanya usiku tatu, mtoto akalala. Sijutii, lakini pia sijasahau.

#31 Kijana_wa_Tandale
Njia hiyo jaribuni kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita. Mtoto akilia dakika kumi, mama wa chumba cha pili kagonga, wa tatu kaja na maji ya moto, wa nne kamwita mjumbe kwamba mtoto anateswa.

#32 Mwalimu_Sengerema
Na ndivyo inavyopaswa kuwa, majirani kugonga.

Ila tusiseme njia hiyo inaharibu mtoto. Melbourne, Australia, walifuatilia watoto 326 waliokuwa na shida ya usingizi wakiwa na miezi saba, umri wa Imran kabisa. Baadhi ya wazazi walifundishwa kuwatuliza kwa kuwaacha kidogo kidogo, au kukaa kando ya kitanda na kusogea mbali polepole. Watoto walipofika miaka sita, matokeo yakachapishwa 2012: hawakuona madhara.

#33 Mama_Mapacha
Malizia, mwalimu. Hawakuona madhara, na hawakuona faida iliyobaki pia. Kwenye miaka sita walikuwa sawa na wale ambao hawakufundishwa.

#34 Mwalimu_Sengerema
Ni kweli. Lakini mama anayefanya kazi anahitaji faida ya mwezi huu, si ya miaka sita.

#35 Mama_Mapacha
Hapo sina la kubisha.

#36 Kipepeo_Mweupe
Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu.

Mtoto wangu alilia kila jioni kuanzia wiki ya tatu. Waliniambia chango, nikampa dawa za mizizi, nikampa na yale maji ya tumbo ya dukani. Hakuna kilichosaidia. Kwenye wiki ya sita ndiyo ilizidi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, mikono imekunjwa, uso mwekundu. Mume alikuwa safarini. Usiku mmoja nilimshika mabegani nikamwinua mbele ya uso wangu na nikasikia mikono yangu inataka kumtikisa. Nilijisikia kabisa. Nikamlaza chali kitandani, katikati, nikatoka nikafunga mlango, nikakaa kwenye ndoo uani. Nilihesabu mpaka mia tatu. Nilimsikia analia na sikuinuka mpaka nilipomaliza kuhesabu.

Kwa miezi nilijiona mama mbaya. Nililia asubuhi, sikula, nikawaza kwamba wangekuwa bora bila mimi. Ilikuja kujulikana ni sonona ya baada ya kujifungua na nilitibiwa. Mtoto aliacha kulia jioni alipokaribia miezi minne, peke yake, bila dawa yoyote.

Mama Imran, umesema unalia ukiwa unaoga. Ndiyo maana nimeandika.

#37 Nesi_wa_Zamu
Kipepeo, ulifanya jambo sahihi kuliko yote usiku ule. Kumtikisa mtoto hata sekunde chache kunaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo. Kumwacha alie mahali salama dakika tano hakumdhuru. Ningependa kila mzazi alijue hili kabla hajatoka wodini.

Na kilio chako ulichokieleza ndivyo kilivyo kwa watoto wengi, kinaanza wiki ya pili ya tatu, kinapanda mpaka wiki ya sita, kinaisha miezi mitatu minne. Anayeuza dawa siku ya mwisho ndiye anayesifiwa.

Mama Imran, kulia, kukosa hamu ya kula, kushindwa kulala hata mtoto akiwa amelala: ukiyaona haya, useme kliniki kwa ajili yako, si kwa ajili ya mtoto.

#38 MamaImran_Kimara
Nimesoma #36 mara tatu. Asante, dada. Nikipata nafasi nalala, usingizi ninao, nadhani ni uchovu. Nitaenda kuongea nao hata hivyo.

#39 Baba_Nuru
Samahani kuingilia. Wangu ana miaka miwili na nusu, halali mpaka saa sita usiku, akilala anakoroma kama mtu mzima na mdomo wazi, jasho kichwani. Mama yake anasema ni katuni.

#40 Nesi_wa_Zamu
Katuni zinachangia. Umri wake saa moja kwa siku ndiyo mwisho, na isiwe karibu na kulala. Chai ya rangi jioni pia, mnampa? Lakini kukoroma kwa mdomo wazi kila usiku na jasho si katuni. Mwone daktari wa masikio, pua na koo, inaweza kuwa nyama za puani. Mkimwona anaacha kupumua kidogo halafu anashtuka, msingoje.

#41 Baba_Nuru
Chai ya rangi anakunywa, na vitumbua, saa mbili. Na hiyo ya kushtuka tumeiona. Tunaenda Jumatatu.

#42 Ndizi_Mshare
Ongezeni minyoo kwenye orodha. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa anajikuna makalio usiku anaamka analia, tukadhani ndoto mbaya. Ni ile minyoo midogo myeupe, inatoka usiku kutaga mayai. Dawa moja, tukafua mashuka yote, tukakata kucha, tukarudia dawa baada ya wiki mbili. Ile kampeni ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ya kila miezi sita tulikuwa tumeikosa.

#43 Kijana_wa_Tandale
Kwa hiyo tunasema nini hatimaye? Joto, mwanga, ziwa, mama kazini, minyoo, nyama za puani, ubani. Mleta uzi atachanganyikiwa.

#44 Mpare_Halisi
Atajaribu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitano siku moja hutajua kipi kimesaidia.

#45 Bibi_wa_Pangani
Mafuta ya nazi hayana hasara, aanze nayo.

#46 MamaImran_Kimara
Nimerudi, siku kumi na mbili baadaye.

Nilianza na joto kwa kuwa lilikuwa rahisi. Soksi na kofia zimetoka, tumeshusha godoro dogo sakafuni kando ya kitanda chetu na neti yake ndogo ya kukunja. Harara imepungua, kuamka hakukupungua.

Nikaomba kazini. Msimamizi alikunja uso, nikampelekea kifungu, nimepewa kutoka saa nane mchana. Nimefika nyumbani siku ya kwanza saa tisa na nusu, nikamkuta Imran amelala, na dada akaniambia huwa analala saa tano mpaka saa kumi. Saa tano nzima! Hakumpa kitu, anamwacha tu alale ili afue. Sikumgombeza, mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia. Sasa anamwamsha saa nane.

Jioni nakaa naye sakafuni kama Mama Mapacha alivyosema. Saa moja na nusu maji ya uvuguvugu, mafuta ya nazi, taa tunazima, howa. Baba anachukua saa tatu mpaka saa saba. Usiku wa kwanza alilia dakika arobaini mgongoni kwa baba yake, na mimi nimejifungia nimeweka mto masikioni. Wiki iliyopita aliamka mara tatu, siku moja mara mbili. Nililala saa nne na nusu bila kukatwa, niliamka nikidhani mtoto amekufa, nikakimbia kumwangalia.

Tangu juzi kuamka kumerudi. Mara tano jana. Udenda unamwagika, anang'ata kila kitu, na leo asubuhi nimegusa fizi nimekuta jino.

#47 Mwalimu_Sengerema
Hongera sana. Mkitoka kwenye jino mrudi pale pale mlipokuwa, msianze kumlaza kwa ziwa upya.

#48 Mama_Mapacha
Mwalimu, mtoto anaumwa fizi. Mpe ziwa, mama Imran.

#49 Bibi_wa_Pangani
Limeota la juu au la chini? Kwetu akianza na la juu wanasema kigego, mtoto wa mkosi.

#50 Nesi_wa_Zamu
Bibi, la juu au la chini yote ni meno. Wengi wanaanza na mawili ya chini mbele. Asimpake dawa ya ganzi ya fizi, kitambaa safi chenye maji baridi kinatosha kung'ata. Na homa ikipanda asiseme ni jino, apime malaria.

#51 MamaImran_Kimara
La chini, bibi. Homa hana. Sasa ni saa tano na robo usiku, baba yake anamtembeza ukumbini na mbeleko, analalamika kidogo kidogo. Mimi nafunga simu, nalala.